Koki ya Bakhtawara

Siku treni ya watalii ya kila Jumapili ilipozinduliwa, Bakhtawara aliswali alfajiri, akakanda unga mwingi kuliko kawaida, kisha akazunguka nyuma ya nyumba akaifunga koki. Aliikaza kwa spana ya marehemu mumewe mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Spana akaificha chini ya godoro, akaketi juu yake na kuanza kuchambua dengu kana kwamba hakuna lililotokea.

Koki yenyewe ilikuwa ya chuma cheusi, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Nyuma yake ilikuwa chemchemi ya ukoo. Mbele yake bomba lililoteremka hadi kwenye tangi la reli katika kituo cha Shinkay, katikati ya mlima. Treni ya mvuke ikitoka bondeni hufika Shinkay na kiu, na isipokunywa hapo haifiki Kotal, kule juu kabisa. Waingereza waliojenga reli walilijua hilo, ndiyo maana walikuja kuketi kwenye zulia la baba mkwe wake, mzee Sarbaz. Sarbaz akawaambia maji wachukue, lakini watu wa Shinkay watapanda treni hiyo bure, wao na watoto wao, maadamu inakunywa kwao. Wakapeana mikono. Karatasi haikuandikwa, na miaka yote hiyo hakuna aliyeitaka.

Halafu mafuriko yakabeba madaraja mawili, na reli ikaota majani kwa miaka kumi na tisa. Ndipo ikaja kampuni kutoka Lahore. Ikajenga madaraja, ikatia mapazia kwenye mabehewa na mahameli kwenye viti, ikalipaka tangi rangi nyekundu bila kuziba matundu yake; bomba likikatwa, linakauka upesi. Ilipofika kwenye maji ilifungua bomba, ikaona yanatoka, ikafurahi. Yanatoka kwa nani? Hakuna aliyeuliza! Watu wazima na elimu zao.

Siku ya majaribio Bakhtawara alivaa shali yake nzuri, akashuka kituoni na kifurushi cha jibini kavu. Binti yake wa pekee, Palwasha, ameolewa Kotal, na hajamtia machoni kwa miaka sita, tangu magoti yalipogoma. Palwasha naye ana mama mkwe asiyenyanyuka kitandani, hawezi kumwacha. Njia ya kwenda huko ni ya mguu, saa tano za kupanda, ile ile aliyoipita mumewe na theluji magotini akimsindikiza muuza vitambaa aliyekuwa amekula kwao, mpaka Kotal, mwisho wa ardhi ya ukoo. Mumewe alikuwa na magoti. Yeye anayo majina tu ya magoti. Mjukuu wake wa mwisho anaijua sauti yake ya kwenye simu, basi.

Mlangoni mwa behewa alisimamishwa na meneja, Farrukh Saheb, mtu wa miaka arobaini hivi, viatu vinameremeta.

"Tiketi, mama."

"Tiketi ya nini? Mimi ni wa Shinkay."

"Ni rupia elfu saba, kwenda na kurudi. Pamoja na chai."

"Chai ya elfu saba! Mmeikoroga na dhahabu?"

Watu walicheka, naye akashushwa ngazi taratibu, kwa adabu, akashikwa kiwiko asije akaanguka. Adabu ile ndiyo iliyomkata maini. Angetukanwa angejua la kujibu.

Wanaume wa Shinkay hawakumtetea. Kampuni ilikuwa imewapa makoti ya kijani na kazi ya kubeba mizigo ya watalii.

"Usituharibie riziki, Adey," alisema Janas, mpwa wa mumewe, ambaye kampuni ilimfanya karani wa kituo kwa kuwa alisomea mjini. Adey ndivyo wanavyomwita mama huko, na Shinkay nzima ilimwita hivyo.

"Riziki ni yako, Janas. Maji ni yangu."

Janas hakulitilia maanani neno hilo. Leo, siku ya uzinduzi, ndipo alipolielewa.

Karibu na adhuhuri treni ilipiga honi bondeni, ikapanda ikihema, ikasimama chini ya tangi jekundu ikiwa na watalii sitini. Dereva Khaista Gul, ambaye baba yake aliendesha treni hiyo hiyo, alivuta mpira wa maji. Ukatoka upepo na chura mmoja. Khaista Gul akamtazama chura, akatazama juu kwenye nyumba ya Bakhtawara, akacheka ndani ya masharubu.

"Saheb," akasema, "bila maji siondoki hapa. Nikiondoka, tutapasukia wote huko mbele."

Meneja akapanda mlima na viatu vyake, Janas mbele yake. Bakhtawara aliwangoja langoni. Shaperai, jirani na shoga yake tangu wakiwa wari, alikuwa ameshapanda juu ya ukuta ili asipitwe.

"Mama, fungua maji," meneja alisema akitweta.

"Maji yapo tele. Yanawangoja watu wa Shinkay wapande, kama alivyoahidiwa Sarbaz."

"Ahadi iko wapi? Nionyeshe."

"Ilikuwa mkononi mwake. Amezikwa nayo."

"Nitawaita polisi!"

"Waite. Watafika kesho kutwa, kwa miguu. Treni haina maji."

Shaperai alicheka nusura aanguke ukutani. "Saheb, futa jasho! Kwani tiketi yako haikuwa na chai?"

Meneja akageuka kuondoka, uso umemwiva. Hapo Janas akamvuta mkono, akamnong'oneza. Meneja alisikiliza, akauliza kitu, akasikiliza tena. Kisha akarudi langoni, akavua viatu, akainamisha kichwa.

"Mama, mimi ni mgeni mlangoni kwako," alisema. "Nina kiu, na treni yangu ina kiu. Naomba maji."

Shaperai akaacha kucheka. "Ee Janas, ulimi wako uoze!"

Shinkay mgeni akiomba mlangoni hanyimwi, hata awe ameua ndugu yako. Bakhtawara angeweza kupigana na kampuni na polisi na serikali mchana kutwa. Kumnyima mgeni maji hakuweza, na Janas, mla chumvi ya nyumba hiyo hiyo, alilijua. Alitaka kulia kwa hasira. Hakulia. Akafungua lango.

Akamtandikia zulia. Akampa maji, akampa chai, akampa mkate wa moto, chumvi na siagi. Meneja alikula vizuri, maana alikuwa na njaa kweli. Bakhtawara akatoa spana chini ya godoro, akaenda nyuma ya nyumba, akaifungua koki. Maji yakaguruma kuteremka. Yalikuwa yanamwendea Palwasha, yeye anabaki. Akapiga bomba teke, akaumia kidole.

Akiwa ameinama kukisugua, macho yakatua kwenye viatu vizito vya mumewe, ambavyo havikuwahi kuondolewa pale ukutani tangu afe. Vile vile vya kwendea Kotal, kwenye theluji. Bakhtawara akasimama wima. Hakuyasikia hata magoti.

Alirudi barazani anatabasamu, na Janas alipoliona tabasamu lile akaacha kutafuna.

"Umeshiba, mwanangu?" alimwuliza meneja.

"Nimeshiba, mama. Mungu akuzidishie."

"Amina. Umekula chumvi yangu, sasa wewe ni mgeni wangu haswa. Shaperai! Shuka huko, vaa shali, waite na wenzako wote. Tuna mgeni wa kusindikiza."

"Kunisindikiza wapi?"

"Mpaka mwisho wa ardhi yetu. Kotal."

"Usisumbuke, mama, njia naijua."

"Mgeni hachagui. Ukipatwa na jambo njiani, aibu itakuwa ya nani?"

Meneja akamgeukia karani wake. "Na hii nayo ni desturi?"

Janas alikuwa anaangalia kikombe cha chai. "Ndiyo, Saheb. Hii... nilikuwa nimeisahau."

Walishuka wanawake thelathini na mmoja, na watoto, na kuku wawili, na kifurushi cha jibini. Wale wanaume wa makoti ya kijani walipaswa kuwazuia. Wakasogea kando, mmoja akampokea mkewe mzigo. Mlangoni mwa behewa meneja alinyoosha mikono awazuie, lakini Khaista Gul alitoa kichwa kwenye dirisha la injini.

"Saheb, anayemkataa msindikizaji amemtukana mwenye nyumba. Mimi mtoto wa mlima huu. Tusi silipandishi mlima."

Watalii sitini walikuwa wameinua simu zao, wanapiga picha. Meneja akaishusha mikono.

Bakhtawara aliketi kwenye mahameli, dirishani. Kijana wa tiketi alimjia na kimashine chake.

"Msindikizaji hakatiwi tiketi," alimwambia. "Lete hiyo chai."

Kotal, meneja alimsaidia kushuka ngazi, akimshika kiwiko kama siku ile.

"Haya, mama. Umenifikisha salama. Tumemalizana."

"Kwa leo. Jumapili utakuja kuomba tena, nami nitakupa tena. Siwezi kukunyima. Kisha tutakusindikiza."

"Kila Jumapili?"

"Kwani treni yako inakunywa mara moja kwa mwaka?"

Meneja, Mungu anamjua, akacheka.

Palwasha alikuwa amesikia honi akatoka mbio, unga mikononi. Nywele za mbele zimekuwa nyeupe, Bakhtawara hakuwa anajua. Walishikana mpaka jibini likapondeka katikati yao.

"Adey, elfu saba!" Palwasha alisema. "Nani amekulipia?"

"Babu yako," Bakhtawara alimjibu. "Alilipa zamani."