Mafuta ya Mashine ya Kunyolea

Kwiiiiii.

Sauti ilitangulia kona, ikaruka ukuta, ikaingia katika kibanda cha kinyozi kabla gari lenyewe halijaonekana. Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alikunja uso kama aliyeng'ata ndimu.

"Mama mkwe wako huyo."

"Namsikia."

"Nani asiyemsikia? Hata wafu wamegeuka upande wa pili."

Kinyozi alizima mashine. Kwa miezi sita ya ndoa yake, hakuna lililomkera kama hili: mama mkwe, mkunga aliyewaita "mwanangu" watoto wa nusu ya mji, yeye alimwita "kinyozi" tu. Kwa kweli mama alikuwa na sababu. Rafu ambayo kinyozi alimpigilia ukutani ilishuka na vikombe sita. Bomba aliloliziba jikoni lilihamia kuvujia chumbani.

"Mama," kinyozi alisema, mkunga alipochungulia mlangoni kusalimia, "hizo breki nitazinyamazisha mwenyewe. Jumamosi, kabla hujaenda zamu ya saa nane."

"Umewahi kufungua gurudumu?"

"Watu hunikabidhi vichwa vyao kila siku, mama. Gurudumu ni nini?"

"Nywele ukiziharibu zinaota tena." Mkunga alimtazama mteja, kisha mkwewe. "Haya. Ukiweza, nitakuita mwanangu. Ukishindwa, hata kinyozi sitakuita tena."

Jumamosi asubuhi, uani nyumbani, kinyozi aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki, akaanza kulegeza nati. Gurudumu lilizunguka pamoja na spana. Akaisukuma spana kwa mguu. Likazunguka kwa kasi zaidi.

"Unalifungua au unalichezesha?" mkewe aliuliza kutoka dirishani.

"Ninalizoesha mkono."

Alipochoka kulizoesha, alilishusha chini, akalegeza nati gurudumu likiwa limekanyaga ardhi, kisha akapiga jeki upya. Ndani aliona diski ya chuma inayong'aa, na pedi mbili zimeibana huku na huku kama viganja. Alitafuta kilichovunjika, hakukiona. Basi akafikiri kama kinyozi. Mashine ya kunyolea ikilia hufanywaje? Hutiwa mafuta.

Alileta kichupa chake. Tone moja halikumridhisha, akaongeza la pili, la kumi, akapaka pedi na diski, gurudumu la kushoto na la kulia, kwa upole wa mtu anayempaka mtoto mchanga. Akarudisha kila kitu, akalisukuma gari kwa bega kutoka ukutani hadi kwenye kamba ya nguo. Halikutoa hata mguno.

Saa saba na nusu mkunga alitoka na sare yake nyeupe na mkoba begani. Kinyozi alilisukuma tena ili asikie. Mama aliinamisha kichwa, kama anavyosikiliza tumbo la mjamzito.

"Kimya," alisema. "Kimya kabisa. Umeweza, mwanangu."

Neno lile lilimshuka kinyozi kooni kama asali. Alitamani mteja wa juzi angekuwepo, na nusu zake mbili za kichwa. Mama aliingia garini, akawasha. Nje ya geti barabara iliteremka moja kwa moja hadi njia panda ya soko, penye watu na mikokoteni.

Mkewe alikuwa akiokota vyombo vya kazi. Alinusa kitambaa kilicholowa mafuta, akamsogelea.

"Mume wangu, hizi pedi zinasimamishaje gari?"

"Zinaibana diski."

"Zinaibana ikiwa inateleza, au ikiwa haitelezi?"

Kinyozi alitazama kichupa chake, kisha geti.

Angeweza kujiambia kwamba mafuta yatakauka njiani. Alikuwa ameitwa mwanangu kwa dakika moja tu, na utamu haujaisha. Lakini miguu ilishaanza kukimbia. Alifika getini mbele ya gari, akaliegemea geti na kutandaza mikono.

"Mama, zima gari."

"Nitachelewa, mwanangu."

"Usiniite hivyo kwanza. Zima. Breki nimezipaka mafuta."

Injini ilinyamaza. Mkunga alivuta breki ya mkono, akashuka, akachutama kando ya gurudumu, akapenyeza kidole, akakinusa.

"Kinanukia kisogo kilichotoka kunyolewa," alisema. Mkewe kinyozi akageuka ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Muuza spea aliniambia mwezi jana," mama aliendelea, sauti imeshuka. "Pedi zinakwisha, chuma kinaanza kugusa chuma, ndiyo maana zinalia. Nikasema nitanunua, sikununua. Kwa hiyo tumekosea wawili. Ila mtoto akilia, sisi hatumzibi mdomo. Tunatafuta kinachomliza."

"Nitaziosha, mama."

"Hizo haziosheki, zimeshakunywa mafuta. Nitaleta mpya jioni. Wewe safisha diski kwa spiriti mpaka ujione sura." Alimpigia simu mkunga mwenzake ampitie, kisha akarudi kumkazia macho. "Na nati, ulizikaza?"

"Nilizikaza."

Mama alimnyooshea spana.

"Nadhani nilizikaza."

"Ungenyamaza pale getini, ningeyajua haya kule chini, katikati ya mikokoteni." Alijipangusa kidole kwenye bega la shati la mkwewe, polepole. "Neno nililokupa sikunyang'anyi, mwanangu. Lakini na wewe nipe lako, hapahapa, mkeo akisikia."

Kinyozi alikuwa na maneno tayari, marefu, yenye vina. Aliyameza.

"Nakuahidi, mama. Nikiwa sijui, nitasema sijui. Hata mbele ya mteja."