Oili Kwenye Mkanda

Londri alikofanya kazi Kawira, kule ughaibuni Abu Hamour, ilikuwa na mashine mbili kubwa. Ya kupigia pasi ilizungushwa na cheni, na ya kukaushia ilizungushwa na mkanda wa mpira. Mashuka yote ya hoteli moja ya West Bay yalipitia hapo.

Fundi alikuwa Athanas, mwanamume wa makamo kutoka Busia, mpenda utani. Kila Alhamisi aliipaka cheni oili kwa brashi. Mkanda aliubonyeza tu kwa kidole gumba, akatazama kama una nyufa, akaufuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Kawira alimwona akifanya hivyo mara nyingi, ila haya zilimzuia kuuliza kwa nini.

"Huyu ukimkanyaga mguu," Athanas alizoea kuwaambia wenzake akimwonyesha Kawira, "atakuomba yeye radhi."

Ijumaa moja, Athanas akiwa kanisani, maana huko ibada husaliwa Ijumaa, mkanda ukaanza kulia. Ulilia asubuhi nzima, mlio wa kutia ganzi meno. Kawira akakumbuka pikipiki ya kaka yake kule Maua, Meru. Cheni ikilia, kaka humwita alete oili, na ikishalowa hunyamaza. Akazima mashine, akafungua kifuniko cha nyuma, akachukua kopo la Athanas na kuumiminia mkanda pande zote mbili.

Alipoiwasha, mashine ilinyamaza kweli. Kawira akatabasamu peke yake. Muda si mrefu akaona pipa linalozungusha mashuka ndani ya mashine limesimama ilhali mota inanguruma. Cheni hushika kwa meno. Mkanda hushika kwa ukavu wake, na ukavu huo alikuwa ameuondoa. Uliteleza juu ya puli, gurudumu linalouzungusha, ukapata moto, na kabla hajaifikia swichi ukakatika, moshi ukatanda chumbani. Akarudisha kopo mahali pake.

Hoteli haikupata mashuka siku hiyo. Jumamosi mudiri, meneja wao, aliushika ule mkanda mbele ya wote.

"Fundi aliyekaa hapa miaka kumi na moja hajui mkanda haupakwi oili?"

Athanas akaunusa. Akawatazama wafanyakazi mmoja mmoja, macho yakamfikia Kawira, yakakaa. Kawira akainama kukunja taulo iliyokwisha kukunjwa.

"Sikuupaka mimi," Athanas akasema.

"Basi nani? Kopo si lako?"

Athanas akalichukua kopo lake, akalikaza kifuniko.

Jumatano habari zikaenea kwamba mkataba wake hautaongezwa, na kwamba anasafiri kesho yake. Kawira alikwenda ofisini, akasema yote kwa sauti ndogo hata mudiri akamtaka arudie.

"Wewe?" Mudiri aliweka kalamu chini. "Kwa nini hukusema Jumamosi? Jumamosi ningesikia. Sasa nimeshaandikia makao makuu, tiketi imekatwa, fundi mwingine anaanza kesho. Khalas, yamekwisha. Rudi kazini."

Jioni alimkuta Athanas kwenye kambi ya wafanyakazi, akifunga sanduku kwa kamba.

"Mzee Athanas, ni mimi niliyeupaka."

"Najua. Jumamosi koti lako lilikuwa na doa la oili hapa kwenye mkono."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, wangekurudisha Meru siku hiyohiyo. Nikasema, nimwache aende kusema mwenyewe. Anayejisema mwenyewe husikilizwa kidogo." Alivuta kamba, akapiga fundo, akalifungua tena kwa kuwa halikukaza. "Jumapili nikakungoja. Juzi nikakungoja. Jana nilikaa pale mlangoni mwa mesi hadi wapishi wakaosha sufuria. Nikajiambia labda huli siku hizi."

Alijaribu kucheka. Kawira hakuweza kumtazama. Jana alikuwa amemwona pale mlangoni, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na yeye Kawira akapita mlango wa nyuma.