Eneo Halina Mtu

Barua ya kukubaliwa ilipofika, mtaa mzima wa Machinjioni ya Zamani, pembeni mwa mji wa Tarime, ulipiga vigelegele. Mwalimu Elieth Nchagwa alisimama mlangoni mwa ofisi ya mtaa akipokea mikono ya watu, na kila mkono ulimzidishia uzito kifuani. Yeye ndiye aliyejaza ile fomu ya maombi.

Serikali ilikuwa imetenga ruzuku kwa mitaa ya mijini isiyo na hata kipande cha bustani ya kupumzikia. Machinjioni ilistahili kuliko mingi. Nyumba zimebanana, watoto wanachezea barabarani, na bodaboda zinazokimbilia machimbo ya Nyamongo ni kama hazina breki. Mwaka uliotangulia, Steven, mwanafunzi wa Elieth wa darasa la tatu, aligongwa akifukuzia mpira wa makaratasi, na tangu siku ile anatembelea gongo. Elieth ndiye aliyemnyanyua kutoka vumbini. Kwa hiyo kamati ya mtaa ilipotafuta mtu wa kuomba ruzuku, hakungoja kubembelezwa.

Alijaza fomu kwa siku tatu. Kila swali alilijibu kwa kweli, mpaka alipofika la kumi na nne: je, kuna mtu yeyote anayelitumia eneo hilo kwa sasa?

Jibu alilijua. Katika uwanja uliokusudiwa bustani, ule uliobaki baada ya machinjio kuhamishwa, Mama Oduol alikuwa amelima sukuma wiki, mnavu na mgagani kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mjane wa Kijaluo, jina lake Atieno, mwenye ndugu tele upande wa Kenya na mtoto mmoja tu upande huu, Oduol, aliyekwenda machimboni na kuja nyumbani kwa nadra. Hati ya kiwanja hakuwa nayo. Nusu ya mtaa ilikula mboga zake, na Elieth alikuwa mmoja wao.

Lakini chini ya swali lile paliandikwa kwamba maeneo yenye watumiaji yangehitaji uhakiki zaidi, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Elieth alimwona tena Steven vumbini. Akaandika: "Hapana. Eneo halina mtu." Hakuna aliyemtuma. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kisyeri, aligonga muhuri bila kusoma.

Sasa barua ilikuwa imekuja, na katikati ya vigelegele akatokea Mama Oduol mwenyewe na fungu la mgagani.

"Shikamoo, mama," alisema Elieth.

"Marahaba, nyara." Hivyo ndivyo alivyozoea kumwita, binti yangu kwa Kijaluo. "Shika hizi, umetuhangaikia sana. Wanasema kutakuwa na bembea! Watoto watanikanyagia mboga, nawajua, ila nitaweka uzio wa fito."

Elieth alizipokea zile mboga kwa mikono miwili, akazipeleka nyumbani, akazipika, akawapakulia wanawe. Yeye alikunywa maji.

Siku tatu alipita njia ya mbali kwenda shuleni. Jumamosi asubuhi hakuweza tena. Alimkuta Mama Oduol akichimbia fito kuzunguka matuta yake, jasho likimtiririka, kanga imekazwa kiunoni.

"Mama, acha kwanza. Mchoro wa bustani umechukua uwanja wote. Greda linakuja Jumanne."

Mama Oduol aliendelea kushindilia udongo kwa kisigino. "Wamenisahau?"

"Hawakukusahau. Hawakujua kama upo. Waliuliza, mimi nikawaandikia kwamba hapa hapana mtu."

Kisigino kikatulia. "Ulikuwa umepitiwa?"

"Hapana, mama. Nilijua."

"Siku hiyo unaandika, ulikuwa umekula nini?"

Elieth alitazama chini. "Mnavu."

"Wa wapi?"

Machozi yalimtoka Elieth, na hata hayo yalimtia aibu, maana aliyestahili kulia alikuwa mkavu mbele yake.

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe msamaha hapa, tukiwa wawili tu na matuta. Uliandikia serikali. Jumatatu mhandisi wa hiyo bustani anakuja mkutanoni. Kaseme huko, mwalimu."

Lile neno, mwalimu badala ya nyara, lilimchoma kuliko tusi.

Jumatatu watu walifurika uwanjani. Mhandisi wa mradi, kijana mpole aliyeitwa Athanas, alitandaza mchoro juu ya meza na kuuliza kama kuna mwenye neno. Elieth alisimama. Alisema yote: swali, jibu, na kwamba alijua. Alimwonyesha Mama Oduol kwa mkono mzima, jinsi mtu anavyoonyeshwa kwa heshima.

Athanas alikunja mchoro taratibu. "Mwalimu, nimeshasikia. Siwezi kujifanya sijasikia. Kazi inasimama mpaka eneo lihakikiwe."

Uwanja ulilipuka. Scholastica, mama yake Steven, alipita mbele. "Mwalimu, wewe ndiye uliyemwokota mwanangu. Leo unatuambia tusubiri? Ungenyamaza tu!" Nyuma mtu alidakia kwamba yule mama arudi kwao Kenya, na wachache wakacheka.

Mama Oduol alisimama. "Kwetu ni hapa. Mume wangu nimemzika hapa hapa Tarime. Na bustani siikatai, watoto ni wetu sote. Ninachokataa ni kuitwa hapana wakati nipo." Akaketi. Kicheko kilikufa.

Uhakiki ulichukua miezi saba. Elieth alijitoa kwenye kamati, na hakuna aliyemsihi abaki. Scholastica akawa akikutana naye kisimani anageuza uso. Hayo Elieth aliyaona ni haki yake. Lakini katika mwezi wa tano wa uhakiki, Wegesa, msichana wa miaka minane, aligongwa na pikipiki palepale barabarani, akavunjika mkono. Elieth alikaa hospitalini na wazazi wa mtoto siku nzima, na hakuna hata mmoja aliyemlaumu kwa mdomo. Alijilaumu mwenyewe. Angesema kweli tangu mwanzo, uhakiki ungekwisha zamani. Angenyamaza, bembea zingekuwa zimesimama. Kila upande aliogeukia alimkuta mtoto au mjane.

Kesho yake, watoto walipotoka shuleni, alisimama katikati ya barabara na kipande cha kitambaa chekundu, akasimamisha bodaboda mpaka watoto wote wavuke. Madereva walimtukana, baadaye wakamzoea. Alifanya hivyo kila siku, mvua na jua.

Mchoro mpya ulipokuja, ulimwachia Mama Oduol theluthi ya uwanja, upande wa mfereji, kwa mkataba wenye jina lake. Theluthi mbili alizipoteza. Matuta ya mgagani yalisawazishwa na greda huku akitazama, mikono nyuma.

Siku ya ufunguzi viti vya mbele vilijaa viongozi. Elieth alikuwa barabarani na kitambaa chake, maana siku hiyo watoto walivuka kwa mamia. Mama Oduol alipita na beseni la mboga kichwani. Elieth alimwamkia.

"Marahaba, mwalimu," alijibu Mama Oduol, akasubiri pikipiki zisimamishwe, akavuka.