Mlango wa Tumbo la Ndama

Jana alasiri usingizi ulinipitia juu ya gunia la pumba, pembeni ya ndama aliyezaliwa adhuhuri. Mama yake alikufa akimzaa, hakuacha hata tone la dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo. Mimi nilikuwa na maziwa ya unga tu. Dang'a ilikuwepo kwa jirani, mama Subilaga, lakini hatusemeshani tangu ng'ombe wangu ale kabichi zake. Basi nikaota.

Ndama anafungua kinywa. "Karibu ndani, baba. Futa miguu."

Nafuta, naingia. Lahaula! Tumbo la kiumbe kidogo vile lina ukumbi ambao paa lake silioni. Mwisho wa ukumbi pana mlango mrefu kuliko Mlima Rungwe, nao unajifunga polepole.

Mbele yake wamesimama Maziwa ya Unga, shati limepigwa pasi, na Maziwa ya Ng'ombe, kitambi mbele.

"Mimi nina vitamini zote," anasema Unga.

"Mimi ninanenepesha," anasema mwenzake.

"Nyie ni chakula," Mlango unawajibu. "Zamu yenu baadaye. Leo nasubiri walinzi. Nikishafunga sifungui tena, na ugonjwa wowote utakaopita utamchukua huyu mtoto."

"Walinzi wako wapi?" nauliza.

"Kwenye dang'a. Kwa yule usiyemsalimia."

Naegemeza bega, nazuia. Wapi! Mara namwona mama Subilaga kando yangu, kilemba kimekaa upande, naye kaweka bega.

"Kaza, baba Ambokile! Ya kabichi tutaongea baadaye!"

Tukakaza, pakabaki upenyo. Hapo wakaanza kupita walinzi, wadogo, wa manjano, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na rungu lake, na kila mmoja anatuamkia: "Shikamoo." Tunaitikia marahaba mmoja mmoja mpaka sauti zinatukauka. Sijawahi kuona jambo kubwa namna ile. Nililia bila aibu.

Nikazinduka. Ndama alikuwa amelala, hajiwezi. Nikakamata jagi nikatoka mbio kwenda kuomba, liwalo na liwe. Sikufika mbali. Mama Subilaga alikuwa getini kwangu na ndoo, anajisugua bega.

"Nilisinzia kidogo tu," alisema bila kuniangalia, "nikaamka linauma. Shika dang'a hii, bado ina joto."

Langu nalo lilikuwa linauma. Nikapokea ndoo, tukaenda kwa ndama.

Ndama akameza funda la kwanza. Mama Subilaga akalitazama lile tumbo, akaanza kunong'ona: "Marahaba. Marahaba. Marahaba."