Juu, Kulia, Kulia, Chini

...na ile chupa ya chai ilikuwa pale pale mezani, kubwa, nyekundu, hata mtu mwenye usingizi angeiona, lakini mkono wa Baba uliipiga kama haipo, ikayumba, Mama akaidaka kabla haijalala, akaihamishia kulia kwa mumewe bila hata kukatisha maneno aliyokuwa akisema kuhusu soksi za shule za kitinda mimba wao, na mgeni, mpimaji macho wa kujitolea, wiki ya sita sasa katika nyumba ya watu na nchi ya watu, akabaki na kikombe katikati ya meza na mdomo, chai inapoa... kulia, kila kitu kulia, siku ya kwanza kabisa Mama alimwambia kwa upole, mwanangu, ukimwandalia Baba weka kulia, naye akakimbilia daftari lake la mambo ya ugenini, akaandika kwamba wenyeji wake humwekea mkuu wa nyumba kila kitu upande wa kulia, kwa heshima, akapiga na mstari chini yake, mtaalamu mzima, miaka minne chuoni anasomea macho, akaona heshima pale palipokuwa na jicho bovu. Baba anatafuna mkate, anasema leo anataka kuwahi, mwalimu mkuu amewaambia madereva wa basi la shule wapeleke fomu zao za afya kabla ya kengele ya kwanza, na fomu yenyewe hii hapa, anaigonga kwa vidole juu ya mfuko wa shati, imekunjwa vizuri, na mgeni hahitaji kuikunjua kujua kilichomo kwa sababu aliijaza yeye jana mchana, macho yote mawili yanaona vizuri, anafaa kuendesha, sahihi, muhuri wa zahanati, tena muhuri aliugandamiza kwa nguvu ili wino ushike... na ubao, Mungu wangu, ule ubao, herufi moja tu yenye meno matatu, inayogeuzwa huku na huku, mtu anaulizwa meno yanaelekea wapi, basi, hata asiyejua kusoma anapimika, lakini chumba chake zahanati ni kifupi na ubao unataka mita sita, na mita sita zilipatikana hapa, kutoka ukuta wa sebule mpaka kizingiti cha jikoni, ukisimama kisigino kikigusa mbao, kwa hiyo wiki ya kwanza aliutundika hapa ili azoee kuuliza maswali yake, na nyumba nzima ikaugeuza mchezo, kitinda mimba anapiga sufuria, Baba ameshika fimbo ya kuonyeshea, anajifanya daktari mkali, juu, kulia, kulia, chini, mpaka Mama, anakata vitunguu amewapa mgongo, akawa anautaja mstari wa mwisho bila kugeuka, wakacheka mbavu ziwaume, na jana mgeni akautoa ukutani ubao ule ule, akaubeba kwapani, akautundika kwenye ukumbi wa zahanati, akampima nao mtu aliyeuimba jikoni kwake mwezi mzima. Mtihani gani huo.

Kwa hiyo amepigwa changa la macho, na hasira zikampanda, mzee huyu alijua, alikaa pale akashika kile kijiko cheusi cha kufunikia jicho, akafunika la kulia, lililo zima, na kwa lile la kushoto akataja ubao wote kama mtoto anayesoma shairi darasani, na Mama naye anajua, nani asiyejua katika nyumba hii, chupa, vikombe, viatu, kila kitu kinahamishwa kimya kimya, wamemkaribisha, wamemlisha, wamempa chumba chenye dirisha, kumbe walikuwa wakiulea muhuri wake... hapana, hilo si kweli, unajua si kweli, chumba walimpa kabla fomu yoyote haijazaliwa. Kitinda mimba anamvuta mkono, dada, dada, utapanda lini basi letu, mimi nakaa nyuma ya Baba, nyuma kabisa ya kiti chake, na Baba anacheka, anasema mwacheni binti yangu, ana watu wa kupima, binti yangu, anavyolitamka neno hilo bila kufikiri, kama anasema mkate, na mgeni anajua fika kwamba kwao baba yake mzazi humwita kwa jina lake refu la kwenye vyeti, siku ya safari alimpa mkono, mkono tu, akamwambia uwe na tabia njema, ilhali huyu, wiki ya pili, dukani, muuza duka ameuliza ni nani huyu, akajibu bila kigugumizi, binti yangu mkubwa, na yeye alirudi akajifungia bafuni, akafungua bomba ili wasisikie analia. Mlango wa basi uko kushoto. Watoto thelathini na wawili wanashukia kushoto, vichwa vyao haviufikii hata ukingo wa dirisha, wanazunguka mbele ya basi, wanakimbia... basi rudi jana, rudi taratibu, usiruke, Baba amekaa, kijiko kiko kwenye jicho la kulia, wewe umesimama kwenye ubao na fimbo, unaonyesha ya kwanza, anasema juu, unaonyesha ya pili, anasema kulia, anasema kulia, anasema chini, na fimbo yako... fimbo yako ilikuwa bado iko kwenye ya pili. Alikutangulia. Uliona. Uliona na fimbo ikasimama, halafu ukaisogeza haraka imfikie alipo, wewe ndiye uliyemkimbilia, na alipomaliza alishusha kijiko, wala hakucheka kama mjanja unayejisimulia sasa hivi, aliinamisha kichwa akauliza kwa sauti ya chini, "Niambie kweli, binti yangu, nimepita?" na wewe ukasikia neno moja tu kati ya yote hayo, ukaufungua wino.

Aliomba ukweli. Mtu mzima, dereva wa miaka ishirini, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya msichana, ameogopa, ameomba ukweli, akapewa muhuri, na sasa hasira zote zilizompanda mgeni hazina pa kwenda ila kumrudia mwenyewe, kwa sababu jicho linalokwenda hivyo, polepole, bila maumivu, linanukia presha ya macho, na presha ya macho haiishii kwenye jicho moja, la kulia lingali linaokoleka, dawa ya matone ipo, daktari wa macho anakuja Alhamisi, Alhamisi ni keshokutwa, lakini nani atampeleka kwa daktari mtu ambaye karatasi inasema haumwi... na atakayelisema hili anamwondoa kwenye usukani leo hii, kazi pekee anayoijua, na jioni atarudi kulala katika chumba chenye dirisha, aitwe sijui nani. Mgeni, labda. Inauma, inauma kweli, lakini binti wa nyumba hii angekuwa amekwisha sema tangu jana. Baba bado ana kipande cha mkate mkononi, Mama bado anatafuta soksi ya pili, chai bado inatoa mvuke kwenye kikombe kilichowekwa kulia, hakuna aliyesimama, na mgeni akaweka chake mezani.

"Baba," alisema, sauti ikatoka ndogo kuliko alivyotaka, "jana nilikudanganya."