Vidole Vyangu Viko Likizo

Kama uvivu ni ugonjwa, basi mimi nilichanjwa nikiwa bado tumboni mwa mama. Uliza masufuria ya hoteli yetu. Yale makubwa, ambayo mtu mzima anaweza kuogea humo akiwa amechutama, nilikuwa nayasugua mpaka mpishi anachungulia ndani kukagua ndevu zake. Katika ukoo wetu wote, na waliolala makaburini wakiwemo, hajapata kuzaliwa mchapakazi kama mimi.

Haya, twende taratibu.

Kazi hiyo nilitafutiwa na mjomba, kaka yake mama, aliyetangulia huku ugenini zamani, mimi nikiwa bado nafutwa kamasi. Yeye yuko stoo ya hoteli hiyohiyo: anapokea magunia, anapanga makopo, anajua kila kitunguu kimelala wapi. Tunaishi chumba kimoja, vitanda viwili, dirisha linalotazama ukuta. Yeye ananiita mjomba, mimi namwita mjomba, mtu akigonga na kuita "Mjomba!" tunaitika kwa pamoja, halafu tunacheka kama wajinga.

Niliingia kwa karatasi ya muda. Hoteli ikaniombea kibali cha kazi na ukaazi, kikabaki kitu kimoja tu: kwenda kwenye ofisi ya vibali kupigwa picha na kuweka alama za vidole. Nikavaa shati la kola, nikajipulizia marashi ya mjomba bila kumuuliza, nikaenda.

Dada wa mashine akaniambia niweke kidole gumba kwenye kioo. Nikaweka. Mashine ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Nikaweka cha shahada. Ikalia. Dada akafuta kioo, akanifuta vidole, akanikandamiza mkono kama anakanda unga. Ikalia.

"Kaka, unafanya kazi gani?"

Nikajikohoza. "Niko upande wa jikoni. Usimamizi."

"Unasimamia nini?"

"Masufuria."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alininyanyua kidole mpaka kwenye mwanga, nami nikakiona kwa mara ya kwanza: laini, kimeng'aa kama sahani iliyooshwa. Ile sabuni yetu ya kung'oa mafuta sugu, maji ya moto na waya wa kusugulia vilikuwa vimeila mistari yote. Glavu tunazo, ila zina matundu mengi kuliko chujio. Ndipo nikaelewa kwa nini hata simu yangu ilikuwa imeacha kunitambua. Nikiigusa kwa kidole inaninyamazia tu, mpaka niandike namba za siri.

"Pumzisha mikono," akasema yule dada. "Usiguse sabuni. Paka mafuta, rudi baada ya wiki mbili. Vidole vikikataa tena, maombi yanafungwa."

"Yakifungwa?"

"Unarudi kwenu."

Nilirudi chumbani nimenywea. Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Mistari inaota tena, mjomba. Kama kucha. Kwani shuleni ulikwenda kula uji?"

"Inaota, sawa. Masufuria nani ataosha? Bosi akijua siwezi kazi, ataniombea kibali cha nini?"

"Nitaosha mimi. Nikitoka stoo naingia jikoni. Wewe utakunja vitambaa vya meza. Mpishi ni mtu wangu, atafumba mdomo."

"Mjomba, umri huo..."

"Umri gani? Mama yako alinikabidhi mtu mzima, hakunikabidhi mtu asiye na vidole."

Ndivyo nilivyoanza maisha ya raha. Asubuhi napaka mafuta, navaa mifuko ya plastiki mikononi, nakaa kwenye kona kavu nakunja vitambaa. Mpishi akanibatiza jina la Bwana Harusi.

"Bwana Harusi, bibi yuko wapi leo?"

"Yule pale, anaosha vyombo," najibu, namnyooshea kidole mjomba, ambaye povu limemfika viwikoni. Jikoni wanacheka mpaka miiko inadondoka. Mjomba naye alikuwa anacheka.

Siku ya kurudi ofisini ikafika. Mbele yangu kwenye foleni alisimama mzee mmoja, akibishana na yule dada.

"Mimi sianzi, nahuisha tu. Vidole vyangu si mnavyo?"

"Kila kibali, alama mpya, baba. Hata wa kuhuisha."

Nikamkumbuka mjomba. Kibali chake kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi, naye mara nyingi alijigamba kwamba chake ni cha kupeleka karatasi na kurudi. Wazo likasimama kwenye mlango wa kichwa changu, likapiga hodi. Sikufungua. Nikasema nitamwambia nikifika.

Zamu yangu ikaja. Gumba: kimya, taa ya kijani. Cha shahada: kijani. Vyote kumi, kijani tupu, kama shamba lililopata mvua.

"Hongera kaka. Kibali kikiwa tayari utaitwa."

Njia nzima nilipiga mluzi nikiipanga habari, nitaianza vipi, nitamtania vipi. Nikamkuta mjomba amekaa kitandani, viatu bado miguuni, mikono ya shati imelowa.

"Vipi?"

Macho yangu yakaangukia aproni iliyoning'inia ukutani. Ilikuwa inadondosha maji. Nikayaona masufuria ya kesho, na ya kesho kutwa. Mdomo ukanitangulia.

"Imekataa tena. Lakini wamenihurumia, wameniongezea muda."

Akavuta pumzi. "Pole, mjomba. Basi tutaosha."

Tutaosha. Alisema hivyo, kana kwamba na mimi nimo.

Nikajiambia ni siku chache tu, niagane na raha vizuri. Siku zikavutana kama kamba. Kila nilipotaka kutumia simu mbele yake, naishika kwa pembeni, naigusa kwa ukucha, naguna: "Ona, mjomba, hata hii imenikana." Kisha naandika namba za siri taratibu, kama mtu anayeumwa. Yeye anasema, "Usiilazimishe." Jioni alikuwa ananipaka mafuta mwenyewe, maana eti mimi nayapaka kwa haraka. Viganja vyake vilikuwa vimekauka, vimechanika pembeni mwa kucha, na vikipita juu ya vyangu vinakwaruza. Nilikuwa natazama ukutani mpaka amalize. Unajua, mara kadhaa nilifungua mdomo nimwambie kuhusu vidole vya kuhuisha. Lakini ataniuliza nimeyasikia wapi, na lini, na siku hiyo mashine ilisemaje. Uongo ni kama kitunguu cha stoo, ukimenya ganda moja unakutana na jingine. Nikaufunga mdomo.

Siku yake ikafika. Aliondoka asubuhi amejipulizia marashi yake, yaliyobaki. Nikajipa moyo kwamba mashine itaheshimu mvi. Nikabaki kitandani na mifuko yangu ya plastiki mikononi, ingawa hapakuwa na wa kumdanganya, nilikuwa nimeshazoea.

Alirudi mchana. Akakaa bila kuvua viatu.

"Imelia," akasema.

"Nini?"

"Mashine. Kama mbuzi, ulivyosema." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Yule dada kaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia stoo. Hakuniamini, mjomba. Kaniambia, baba, stoo gani inayokula vidole?"

Nikakosa pa kuweka uso. Nikasema pole, ikatoka kama kikohozi.

"Wamenipa wiki mbili. Ikikataa tena, nafunga mizigo. Miaka yote hii, halafu nirudi kwa dada yangu nimwambie vidole vimeisha." Akajipiga goti. "Lakini si tuko wawili? Mabwana harusi wawili, bibi hakuna! Tutapona wote. Nipe simu yako nimpigie mpishi atutafutie mtu wa kuosha. Yangu nayo imenikana huko njiani, na namba zake za siri ulizoziweka nimezisahau."

Nilitaka kumsaidia haraka. Hilo ndilo lililoniponza, haraka ya kutaka kuonekana mwema. Nikavua mfuko mmoja, nikafuta gumba kwenye shati, nikaligusisha kwenye simu.

Simu ikafunguka.

Mlio wake ni mdogo sana, tik, kama mtu anayevunja kijiti. Mjomba akaitazama simu. Akalitazama gumba langu, linang'aa mafuta yake. Nikaanza, "Leo ndiyo kwanza, mjomba, yaani hata mimi nashangaa," na sauti yenyewe ikaniona haya, ikakatika.

"Piga," akasema. Hakuongeza mjomba. "Weka sauti kubwa."

Nikapiga. Simu ikaita, ikaita. Mpishi akapokea huku masufuria yakigongana nyuma yake.

"Haloo, Bwana Harusi! Vipi, vidole vimepona?"

Mjomba alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, viganja vimeelekea juu. Akanikazia macho, akingoja nijibu.