Mikono ya Vestine Ukutani

Walimu wa chuo waliliita kapu. Lilikuwa ghala la masomo kwenye mtandao: mwalimu anatia somo lake, mwenzake analichukua, analiboresha, analirudisha. Hakuna aliyelijaza zaidi kuliko Vestine, mwalimu wa upishi. Mwaka huu chuo kilikuwa kimetangaza kwamba mwalimu mmoja atapelekwa Kigali akasomee kufundisha walimu wenzake, naye atachaguliwa kwa kazi yake iliyomo kapuni. Vestine aliiombea nafasi hiyo kila alfajiri, magoti chini, kabla hajawasha jiko.

Mtunza kapu alikuwa Onésphore. Wote wawili walikulia Goma, wakaimba kwaya moja, na kila Ijumaa walisali pamoja kabla ya mkutano wa walimu. Ijumaa moja, baada ya sala, Onésphore alimwambia:

"Dada Vestine, hii majina yetu juu ya masomo inatuletea kiburi. Tuyatoe. Utukufu iwe ya Mungu."

"Amina, kaka," Vestine akajibu kwa moyo mweupe. Jioni ile ile jina lake likafutwa kwenye masomo yote.

Majuma yakapita. Siku ya kutangaza aliyechaguliwa, mkuu wa chuo aliwasha projekta. Ukutani likatokea somo la kukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Vestine akaiona mikono yake mwenyewe ikigeuza samaki, na kovu la mafuta ya moto kwenye kidole gumba. Chini ya mikono paliandikwa: Somo limeandaliwa na Onésphore.

"Huyu ndiye tunayempeleka Kigali," mkuu akasema.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Vestine naye alijikuta akipiga, kisha mikono ikakataa. Akamwinamia Onésphore, aliyeketi kando yake.

"Kaka, ile mikono ni ya nani?"

"Dada, si tulisema kapu ni ya wote?" Onésphore alinong'ona, macho hayabanduki ukutani.

"Tulisema ni ya Mungu. We ukaandika yako."

"Bon, walikuwa wanataka jina moja. Usinichome leo, bibi yangu, mama watoto, amekwisha kualika watu."

"Dada Vestine," mkuu akaita, "wewe ni mtu wa sala. Mwombee mwenzako safari njema."

Walimu wakasimama, wakainamisha vichwa. Vestine naye akainamisha chake. Maneno matamu ya kila Ijumaa yalikuwa pale pale ulimini, akayameza.

"Baba," akaanza, "mi siwezi kukudanganya. Ile mikono uliiumba wewe, na unajua ulimpa nani. Umlinde kaka Onésphore njiani. Kumbariki kwa kazi yangu siwezi, unisamehe. Amina."

Mkuu akakohoa, akazima projekta, akasema gari litaondoka Jumatatu kama lilivyopangwa.

Nje, Onésphore alimfuata mbio mbio. "Dada, pole. Lakini wakiniuliza juu ya sambaza, nitakupigia, eh? Mafuta inakuwa tayari saa gani?"

Vestine alimtazama mtu aliyemwita kaka tangu Goma. Alitafuta aibu usoni mwake, hakuiona.

"Angalia mikono yako, Onésphore," akasema. "Itakuambia."

Akaenda jikoni, wanafunzi wakimngoja na samaki. Akafunga aproni. Kwa mara ya kwanza alianza somo bila kusali.